Redio ya ridhaa si redio kol ya mlinzi

Jamani, kabla hujaning'iniza waya juu ya bati hapo Kirumba, Mwanza, ili uwe na redio ya ridhaa, elewa kwanza inavyotofautiana na redio nyingine. Redio ya FM (88–108 MHz) inasema, wewe unasikiliza tu. Redio kol za walinzi zimefungwa kwenye chaneli za kampuni. Redio ya chombo cha majini ina chaneli ya 16, 156.8 MHz, ya kuitana na kuomba msaada, hiyo haichezewi. Redio ya ridhaa ni ya mtu binafsi mwenye leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na alama ya wito, yaani jina lake la hewani, inayoanza na 5H. Anachagua masafa mwenyewe ndani ya bendi (mafungu ya masafa) alizoruhusiwa. Biashara hapana: ukitangaza bei ya sangara umevunja masharti.

Bendi ya mita 2 (144–146 MHz) inataka mwonano, yaani antena zionane bila kizuizi katikati. Ukiwa nyuma ya mawe ya Capri Point, wati 5 hazikufikishi mbali, panda juu. Kwenda Ulaya tumia 14.2 MHz, mawimbi yanadunda angani. Antena yake ni waya mbili: kupata urefu wote, gawa 143 kwa MHz (hapa 14.2), unapata mita 10.07, yaani kama 5.03 kila upande. Anza na 5.2, pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kwenda hewani), punguza sentimita 2 kila upande hadi ishuke chini ya 1.5. Ukianza na fupi umeumia, waya haurefuki.

Kiungio cha kebo inayotoka redioni kwenda antena kizungushie tepu ya mpira. Unyevu wa ziwa ukiingia, shaba ya ndani inageuka nyeusi, SWR inayumba kila mvua ikinyesha, na watu wanailaumu redio bure.