Wikendi Tuliyoipata Black Mesa

Mwaka 2004 Valve, kampuni ya kutengeneza gemu za kompyuta, walitoa Half-Life 2, na pamoja nayo wakaihamishia Half-Life ya kwanza, ile ya 1998, kwenye injini mpya ya Source, yaani programu inayoiendesha gemu. Maji yaling'aa kidogo, lakini kuta na nyuso za watu zilibaki karibu vilevile. Mashabiki waliudhika, na baadhi yao wakaamua kuijenga gemu yote upya: kila ukumbi, kila sauti, kila kipande cha muziki. Walikuwa watu wa kujitolea, wengi hawakuwahi kuonana uso kwa uso, na hakuna aliyelipwa. Modi yao, yaani toleo la gemu lililotengenezwa na mashabiki, waliiita Black Mesa.

Mimi na binamu yangu tulikuwa tumeipenda Half-Life kwenye kompyuta ya mtumba kutoka Luthuli Avenue. Trela ya mwisho wa 2008 ilituahidi kwamba modi ingetoka 2009. Mwaka ukaisha kimya, kisha ukafuata mwingine. Wenzetu mtaani Buruburu waliacha kuiulizia. Binamu hakuacha.

Ilitoka Ijumaa, 14 Septemba 2012, bure kabisa. Ilikuwa gigabaiti kadhaa, na pesa ya bandali ya kiasi hicho hatukuwa nayo. Jumamosi jioni tukaenda saiba.

"Mzee, tunaomba utuachie mashine moja usiku huu," binamu alisema.

"Ya nini?"

"Kuna gemu tunashusha."

"Gemu moja usiku kucha?"

Binamu akamweleza habari yote, tangu 2004, huku mzee akihesabu pesa za siku. Alipomaliza, mzee aliuliza jambo moja tu: "Na hawalipwi?"

"Hawalipwi, mzee."

"Basi wacheni iendelee. Lipeni ya masaa mawili. Lakini stima ikipotea, msije kwangu."

Stima haikupotea. Jumapili tulirudi na diski ya nje, na kufikia mchana tulikuwa sebuleni, pazia zimevutwa. Ndugu yangu mdogo alikaa katikati yetu. Mgomo wa walimu ulikuwa umemweka nyumbani tangu mwanzo wa muhula.

Gordon Freeman, mhusika unayemcheza, ni mwanafizikia aliyechelewa kazini, na gemu inaanza akiwa ndani ya kitreni kinachoshuka chini ya ardhi. Safari hiyo tuliijua kwa moyo, ila sasa kila dirisha lilikuwa na kitu nyuma yake. Katika gemu ya zamani wanasayansi waligawana nyuso nne tu. Hapa kila mmoja alikuwa mtu wake. Binamu alikataa kusonga mbele. Alisimama mbele ya ubao uliojaa hesabu, akausogelea, akasoma mstari kwa mstari. Ni ubao ambao wachezaji wengi wataupita mbio, risasi zikiwafuata, na bado kuna mtu aliyeketi akauandika kwa uangalifu huo baada ya kazi yake ya mchana. Nilielewa kwa nini ilichukua miaka.

Modi ile iliishia Lambda Core, sura inayotangulia Xen. Xen, ile dunia ngeni ya mwisho, haikuwemo. Mdogo wangu alikasirika: "Miaka yote hiyo, na haijaisha?" Binamu akamjibu, "Afadhali hivyo." Nami naamini alisema kweli. Xen ya 1998 ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na kuinakili tu kungekuwa kuwadhulumu waliongoja. Waliiacha ili waibuni upya.

Valve waliwaruhusu kuiuza, ikaingia Steam, duka la gemu la mtandaoni, 2015 ikiwa bado inajengwa, na ikakamilika tarehe 6 Machi 2020, wiki moja kabla ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Nairobi ilipofungwa Aprili, binamu alikuwa Mombasa. Tuliicheza Xen kila mtu kwake, simu ikiwa kwenye spika. Ile ya zamani unaimaliza jioni moja. Hii ilituchukua wikendi kadhaa, na hatukuruka chumba hata kimoja.