Nilivyopima ustahimilivu, na ile 3.00 iliyonisumbua

"Jumlisha alama, gawanya kwa 6, umemaliza." Huo ndio ushauri niliopewa nilipoanza kupima ustahimilivu wa kisaikolojia wa watu wazima, na hadi leo unaniudhi.

Nilichagua Brief Resilience Scale, dodoso fupi la ustahimilivu la mwaka 2008. Maswali ni 6 tu, na yote yanalenga jambo moja: mtu akiangushwa na shida, huinuka upesi kiasi gani? Kila swali ni kauli unayoipa alama, 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Ile ya Connor-Davidson ya 2003 ina maswali 25, huchunguza zaidi nguvu alizonazo mtu, na huitumii bila kuomba kibali na kulipa ada.

Majibu ya kwanza yalinishtua: karibu kila mtu alikuwa na 3 au karibu na hapo, na alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana, ilikuwa chini ya sifuri. Nikachukua dodoso moja: 5, 1, 5, 1, 5, 1. Huyo ni mstahimilivu hasa, lakini jumla ni 18, wastani 3.00. Lingine: 1, 5, 1, 5, 1, 5. Huyo amelemewa, naye 3.00! Kumbe swali la 2, la 4 na la 6 yameulizwa kinyume: kuyakubali ni kukiri kwamba huinuki upesi. Toa kila alama yake kwenye 6 kwanza: 5 inakuwa 1, 2 inakuwa 4. Hapo wa kwanza akapata 5.00, wa pili 1.00.

Ikabaki 3.00 nyingine, ya hila zaidi. Aliyetia vema safu moja juu hadi chini bila kusoma, ziwe 1 zote au 5 zote, ukishageuza hutua kwenye 3.00 kamili. Na kwa mipaka iliyozoeleka, 3.00 hadi 4.30 ni kawaida. Anapita kama mzima! Basi kabla ya kugeuza, natoa jibu dogo kabisa kwenye kubwa kabisa. Ikiwa sifuri, dodoso naliweka kando. Ila aliyejibu 3 kila swali simgusi, huenda anamaanisha.

Tafsiri nayo ina mtego. Swali la 3 limekaa kwa kukanusha: "hainichukui muda mrefu". Ukilisomea watu kwa sauti, wengi husikia "hunichukua" na kujibu kinyume. Niliandika "hunichukua muda mfupi", kisha nikampa mtu ambaye hajaona dodoso la asili alirudishe kwenye Kiingereza. Maana ilirudi ileile.