Filamu ishirini, kilo saba, na mfuko wa risasi

Nimerudi juzi kutoka safari ya siku tisa ya kupiga mandhari na miguu bado inauma, ila kabla sijasahau acha niandike kitu kilichoninyima usingizi kuliko milima yenyewe, yani kupanda ndege na vifaa vya kamera ya filamu. Wenzangu wa dijitali wakishavuka ukaguzi wanawaza kahawa, mimi nakuwa bado nimekumbatia mfuko wa nailoni kama mtu aliyebeba mayai.

Tuelewane kwanza kuhusu mashine, maana hapa ndo watu wanaunguza filamu kwa kusikiliza stori za zamani. Ile eksirei ya kizamani ya mizigo ya mkononi haina neno sana kwa filamu za ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kudaka mwanga) 50, 100 mpaka 400, ukipita mara moja mbili hutoona kitu, ingawa madhara yanajumlishana, kwa hiyo kama unabadilisha ndege njiani hesabu kila mlango utakaopita kwenda na kurudi. Filamu kali, inayodaka mwanga haraka sana, kama Delta 3200, hata hiyo usiipitishe. Sasa zimeingia mashine za CT, hizi zinazunguka begi lote kama zile za hospitali ili mkaguzi aone vitu kwa pande zote, na watengenezaji wa filamu Kodak na Ilford wote wameshatoa tahadhari kwamba filamu isipite humo, hata mara moja. Utaijuaje? Ina tumbo kubwa la mviringo kama pipa lililolazwa, na mara nyingi wanakwambia laptopu iache humohumo kwenye begi usitoe kitu. Ukisikia hivyo wengine wanafurahi, wewe shtuka.

Begi la kwenda chini, lile linaloingia tumboni mwa ndege, ndo usithubutu kabisa. Miaka kadhaa nyuma nilisahau filamu moja ya Portra 400 kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku, nikaja kuikumbuka nikiwa hewani, nikajipa moyo kwamba moja tu haiwezi kudhurika. Ilivyosafishwa nikaitazama kwenye taa: vivuli vimekuwa tope la kijivu lenye punjepunje, alafu kuna mawimbi mepesi yanakatiza kutoka fremu moja kwenda nyingine, yanapita hata kwenye ule mpaka mtupu katikati ya picha na picha. Hapo ndo nikajua sio kosa langu la mwanga, maana mimi pale katikati sikupiga kitu.

Kuna watu wataniambia nunua ule mfuko wa kukinga mionzi uliotengenezwa kwa madini ya risasi. Siupendi. Kwenye skrini unaonekana doa jeusi, mkaguzi anashtuka, anasimamisha mkanda, mwishowe unaambiwa ufungue kila kitu na filamu zako zinapitishwa upya bila mfuko, na kwa CT ndo usiutegemee kabisa. Alafu jaribu kumweleza askari wa uwanja wa ndege kwa Kiswahili kwamba humu ndani una mfuko wa risasi, tuone kama hiyo ndege utaipanda.

Dawa ni kuomba wakague kwa mkono. Kuna nchi, Marekani ikiwemo, ambako hilo ni jambo la kawaida na wamezoea, kwingine inategemea umemkuta nani na ameamkaje. Mimi natoa filamu zote kwenye maboksi ya karatasi, naziweka kwenye mfuko mmoja angavu, nautoa nje kabla sijafika kwenye mkanda, na naomba kwa upole, "samahani, hizi ni filamu za kamera, zinaharibika kwenye mashine, naomba ziangaliwe kwa mkono." Kamera nayo iwe tupu. Ukiacha filamu ndani wana haki ya kutaka kuiona, na mtu akifungua mgongo wa kamera huwezi kumlaumu, yeye ametafuta bomu, amekuta sanaa.

Safari hii nilikuwa na filamu 20 za saizi ya 120 (zile pana zinazoviringishwa na karatasi), nyingi za aina ya Velvia 50 na Ektar 100, na kitu kimoja cha ziada ambacho nakupa bure: filamu mfu. Ni mkanda uliokwisha muda wake zamani, haufai kwa lolote, kazi yake ni kufunguliwa. Kijana aliyenikagua wakati wa kwenda alikuwa hajawahi kuona 120 maishani, akachukua moja, akaigeuza, akaitikisa sikioni, alafu akaanza kuuparura ule ukanda wa gundi kwa ukucha. Nikapiga kelele "kaka usifungue!" mpaka foleni nzima ikageuka. Nikampa ile mfu, nikamwambia hii fungua utakavyo. Akaifungua taratibu, karatasi nyeusi ikamwagika mezani mpaka ikafika sakafuni, filamu yenyewe ikajikunja kama ulimi wa kinyonga. Akaniuliza, "kwa hiyo picha ziko wapi?" Nikamwambia bado hazijapigwa. Akacheka, akapangusa zile nyingine moja moja kwa kile kikaratasi cha kupima vilipuzi, dakika kumi hivi, nikapita.

Uzito sasa. Mashirika mengi ni kilo 7 begi la mkononi, na kamera yangu, Mamiya RB67, pamoja na lenzi ya milimita 90 inakula karibu kilo 2.7 hujaweka kingine, kwa hiyo lenzi ya 180 niliiacha nyumbani kwa uchungu, ya 50 nikaivaa. Ndio, nimeivaa, mfuko wa kushoto wa koti, mita ya mwanga mfuko wa kulia, koti halipimwi. Natembea nikiwa nimeinama upande kama mzee wa mgongo. Uzuri wa hii kamera haili betri hata moja, zile za mita na za tochi nimezibandika tepu kwenye ncha na ziko mkononi maana betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenda chini. Tripodi ilienda chini, kichwa kimefunguliwa na kuviringishwa kwenye sweta, na usisahau ufunguo wake wa kukazia uende nao hukohuko chini, mimi niliwahi kufika mlimani na miguu mitatu na kichwa ambavyo haviwezi kushikana.

Kule kwenyewe sitasema mengi, asubuhi nne zilikuwa na ukungu mzuri, tano zilikuwa mvua. Nilipiga filamu 14, picha kumi kwa kila moja.

Kurudi ndo kazi ilikuwepo. Kiwanja kidogo, mashine moja tu, ile yenye tumbo. Dada wa kwanza akakataa katakata, kila kitu kinapita humu. Na hizi sasa ndo zenye picha, filamu iliyopigwa inaungua vilevile, usidanganywe. Sikubishana. Nilikuwa nimefika masaa matatu kabla ya ndege, nikasogea pembeni nikaomba kuongea na msimamizi wake, nikasubiri nimesimama kama dakika arobaini, akaja mama mmoja akaangalia mfuko, akasema baba yake alikuwa na studio, basi ikaisha hapo. Ningekuwa nimefika nusu saa kabla ningezipitisha tu nikalia mbele ya safari, kwa hiyo next time kama naona njia ya kurudi ina utata nasafisha filamu hukohuko kabla ya kupanda, gharama na iwe gharama.

Jana nimezipata kutoka labu. Hakuna mawimbi, hakuna tope, vivuli vyeusi ti. Ila filamu nne, picha arobaini zikiwemo za asubuhi bora kuliko zote, zina mchirizi wa rangi ya chungwa upande uleule kila fremu. Kamera hii filamu inakaa kwenye mgongo wa kuchomoa, na ninayo zaidi ya mmoja, nikachukua ule niliotumia kwa hizo nne, nikapitisha kidole kwenye sponji ya kuzuia mwanga, ikabaki kidoleni kama lami. Imeoza. Sponji mpya nimeshaagiza.