Bonde kwenye sifuri

Kuna mchoro mmoja ambao sichoki kuutazama: mstari ulionyooka, kisha bonde katikati, pale ambapo tofauti ya muda kati ya milio ya vigunduzi viwili vya mwanga ni sifuri. Bonde hilo likishuka vya kutosha, nadharia ya mawimbi peke yake haina tena la kusema.

Jaribio lenyewe halina makuu. Mwanga unapigwa kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, na kila upande una kigunduzi chake. Unahesabu ni mara ngapi vyote viwili vimelia pamoja, ukilinganisha na idadi ambayo ingetokea kwa bahati tu. Uwiano huo ndio g2. Wimbi likigawanywa, kila upande hupata fungu lake, na kwa kuwa wastani wa miraba ya ukali wa mwanga hauwezi kuwa mdogo kuliko mraba wa wastani, g2 ya wimbi lolote kwenye sifuri haishuki chini ya 1. Leza hutoa 1, mwanga wa joto, kama wa kitu kinachong'aa kwa moto wake, 2. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, haigawanyiki, basi inakwenda 0. Mwaka 1977 Kimble, Dagenais na Mandel waliliona hilo kwa atomi za sodiamu: atomi ikishatoa fotoni, haiwezi kutoa nyingine mpaka isisimuliwe upya.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba fotoni zikipotea njiani, uwiano haubadiliki. Ndiyo maana wengi hukitegemea, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kidogo. Ombwe lililobanwa, yaani mwanga hafifu ambao kelele yake imeshushwa upande mmoja chini ya ile ya ombwe tupu na kupandishwa upande wa pili, lina g2 inayozidi 3. Ukilipima hivyo tu, utalipita kama mwanga wa kawaida wenye fujo, ilhali si wa kawaida hata kidogo!

Mwanga huo uliobanwa unauchanganya na leza yenye nguvu kwenye kioo kama kile, unapunguza mkondo wa umeme wa kigunduzi kimoja kutoka kwa ule wa kingine, halafu unatafuta kelele iliyo chini ya ile ya ombwe tupu. Huku upotevu hauna huruma: kelele iliyoshushwa kwa desibeli 10, nusu ya mwanga ikipotea, hubaki imeshuka kwa kama 2.6 tu. Kwa hiyo nikisoma matokeo ya namna hii, kabla ya kitu chochote natafuta ufanisi wa vigunduzi, na kama waliuziba mwanga unaochunguzwa wakapima kelele ya ombwe kwa leza ileile.