Bado natafuta la kumjibu Baba

Hakulisema kwa ukali. "Sasa mama, kabla hao wachimba mambo ya kale hawajachimba, wewe ulikuwa unaamini nini?" Akanisogezea bakuli la mboga, akamgeukia mume wangu, wakaanza habari za mbolea. Basi. Mpaka leo nikiosha vyombo nalisikia, nikisubiri daladala nalisikia, na jana usiku nimeamka kwa ajili ya maji ya kunywa nikakuta midomo yangu inamjibu gizani.

Mnamjua Baba. Mwinjilisti mstaafu, vijiji vya Kilolo amevihubiri kwa miguu miaka mingi kabla hajapewa baiskeli, na Biblia yake ameishona upya mgongoni kwa uzi wa viatu. Hajawahi kuniambia neno la kuniumiza kwa makusudi. Angekuwa shemeji fulani ningeshasahau.

Nilikuwa namwonyesha picha za mfereji wa Hezekia, mfalme wa Yuda, kule Yerusalemu. Mliokuwa mnasoma hapa niliporudi kutoka hija mnakumbuka kwamba wenzangu walirudi na mafuta ya zeituni na machozi ya Galilaya, mimi nikarudi na mfereji. Ndiyo kazi yangu, maji. Nilikuwa nimesubiri tuwe mezani wote, tumeshasali, Baba ametulia, ndipo nimweleze vizuri.

Nikamweleza. Yerusalemu ya enzi zile ilitegemea chemchemi moja, Gihoni, nayo iko chini bondeni upande wa mashariki. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliingia Yuda na kuangusha mji baada ya mji. Hezekia hakutaka adui apige kambi penye maji huku watu wake wakifa kiu ndani ya kuta. Nyakati wa Pili sura ya 32 inasema aliyaziba maji ya Gihoni na kuyaelekeza chini, upande wa magharibi wa mji wa Daudi, na Wafalme wa Pili sura ya 20 inataja birika na mfereji. Baba anazijua hizo sura kwa moyo. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza kuzitaja.

Kisha nikamwambia, Baba, mfereji upo. Nimepita ndani yake. Una mita 533, umechongwa kwenye mwamba mtupu, unapinda huku na huku chini ya mtaa wa Silwan, na maji ya Gihoni yanapita humo hadi leo, mahali pengine yanafika magotini, mahali pengine yanapanda mapajani. Unatembea na tochi, mabega yanagusa kuta pande zote, na ukipitisha kiganja ukutani unazihisi alama za sululu moja moja. Kutoka mwanzo hadi mwisho mteremko wake ni kama sentimita 30 tu. Nililirudia hilo kwa sababu Baba hajui kazi yangu inavyokuwa. Sentimita 30 kwa mita 533! Mimi nina vifaa vya kupimia, nina vijana waliosomea, nina jua linaniangazia, na bado nimeshaona mtaro mfupi kuliko huo maji yakigoma kwenda na kurudi yalikotoka. Wale walikuwa na taa za mafuta. Na walianza pande mbili kwa wakati mmoja, kundi moja likitoka chemchemini na jingine likitoka kule birika litakapokuwa, wakatafutana ndani ya mlima.

Mwaka 1880 kijana mmoja aliyekuwa akipita ndani ya maji, karibu na mlango wa upande wa birika, Siloamu, aliona maandishi ukutani. Mistari sita ya Kiebrania cha kale. Baadaye wezi wakaling'oa lile jiwe, likavunjika, likapatikana tena, na sasa liko kwenye makumbusho ya Istanbul, maana wakati huo Yerusalemu ilikuwa chini ya Waturuki. Mistari hiyo inasimulia siku ya kutoboka. Mafundi wanapiga sululu, kila mmoja kuelekea kwa mwenzake, na zikiwa zimebaki dhiraa tatu ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake. Wakapiga, sululu ikakutana na sululu, na maji yakaenda kutoka chemchemini hadi birikani, dhiraa 1,200.

Hapo ndipo Baba alipouliza.

Wifi amejifungua salama mtoto wa kike, bomba kuu limepasuka mara nyingine, na barua ya uhamisho niliyokuwa naisubiri imefika, lakini wiki nzima mimi niko mezani kwa Baba. Nimelisema lile swali kwa kila namna. Nikilikazia "wewe", linakuwa shtaka, kwamba binti yangu amesoma akapoteza kitu njiani. Nikilikazia "kabla", linakuwa swali la mzee anayetaka kujua kweli. Mume wangu anasema Baba alikuwa anatania. Baba hatanii kuhusu imani.

Ana hoja, nakubali, na hoja yake inaitwa Yeriko. Miaka ya 1930 mwanaakiolojia John Garstang alichimba pale Tell es-Sultan, kilima cha Yeriko ya kale, akatangaza kwamba amepata kuta zilizoanguka mbele ya Yoshua. Wapo waliofurahi sana. Kisha mwanaakiolojia mwingine, Kathleen Kenyon, akaja, akachimba kuanzia 1952 hadi 1958, tabaka kwa tabaka, akaonyesha kwamba kuta zile ni za karne nyingi kabla ya Yoshua, na kwamba mji ulioteketea hapo uliteketea karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, ukakaa karibu mtupu katika kipindi ambacho wengi wanakiweka kuwa cha Yoshua. Aliyekuwa ameegemeza imani yake kwenye ukuta wa Garstang alibaki ameegemea hewa. Wataalamu bado wanabishana kuhusu Yeriko na watabishana sana. Baba hakuhitaji kusoma habari za Garstang ili ajue hatari hiyo. Ameiona kwa watu waliokuwa na imani yenye masharti.

Lakini mimi sikumletea ushahidi. Hapo ndipo panaponichoma. Yale maandishi hayamtaji Hezekia. Hayamtaji mfalme yeyote, wala Mungu, wala Senakeribu. Ukitaka kushinda mabishano na mtu asiyeamini, hilo jiwe litakusaidia kidogo sana. Ukitaka ushahidi wa vita, uko kwa maadui wenyewe. Senakeribu aliandikisha kwenye udongo uliochomwa kwamba alitwaa miji 46 na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu, na hakuna mahali anaposema aliingia. Kwenye jumba lake la Ninawi alichongesha ukuta mzima wa anguko la Lakishi, mji ambao Wafalme wa Pili inautaja kwa kupita tu. Michongo hiyo iko London. Nimeangalia picha zake mara nyingi: wanawake na watoto juu ya mikokoteni ya ng'ombe, vyombo vyao vimefungwa, wanaondolewa kwao. Biblia haikupata nafasi ya kuwaeleza, mshindi akawachonga kwa ajili ya sifa zake, na leo tunawaona wao kuliko tunavyomwona yeye.

Nilichomletea Baba ni wale mafundi. Mtu aliyechoka, ana vumbi la mwamba kifuani, anasikia upande wa pili mtu anaita, na anajua kwamba hawakupotea. Nilitaka Baba afurahi nami. Yeye amenifundisha kusoma kwa kitabu cha Wafalme, mimi nikiwa nimeshika taa ya chemli ili aone, na nilidhani nikimletea habari kwamba wale watu walikuwa na mikono na sauti, atapiga makofi. Akasikia mashaka mahali nilipoweka furaha.

Alhamisi alipiga simu. Ilikuwa habari ya mbolea, kwamba ya ruzuku imefika na mume wangu afanye haraka kabla haijaisha. Shikamoo, marahaba, mbolea, hali ya Mama, mtoto wa wifi amefanana na nani. Nilikuwa nimesimama uani kazini, mafundi wangu wanapakia mabomba, najiandaa kuaga. Akasema, "Hao watu wa mfereji. Walipokosea njia humo ndani, walifanyaje?"

Nikakaa chini, juu ya bomba. Nikamwambia karibu na mahali walipokutana kuna vichuguu vifupi vilivyoachwa, walichimba kidogo wakagundua siko, wakageuza. Nikamwambia alama za sululu zinaelekea upande mmoja hadi pale, na ukivuka pale zinaelekea upande wa pili, unaona kabisa mkono wa kundi hili na mkono wa kundi lile.

Akanyamaza. Kisha: "Kwa hiyo walifuata sauti."

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Msalimie mwenzio."

Nilicheka peke yangu pale uani hadi kijana mmoja akaniuliza kama nimepata habari njema. Nimepata. Alikuwa amekaa nao siku zote hizo! Alikuwa anatembea nao humo ndani, anapotea nao, mzee wangu ambaye hajawahi kupanda ndege. Nikamsimulia yule kijana habari nzima, na ile ya 2004, mafundi wa bomba la maji taka walipokuwa wakitengeneza njia yao kule chini wakaibua ngazi za mawe za birika la Siloamu la nyakati za Yesu, lile ambalo kipofu wa Yohana 9 alitumwa kunawa. Akaniuliza kama hao mafundi wa maji taka walilipwa ziada. Sikuweza kuacha kutabasamu mchana kutwa.

Swali lake hakulifuta, hata hivyo, wala sitaki alifute. Nikienda mwezi ujao nitamjibu, na kwa leo jibu langu liko hivi: Baba, nilikuwa naamini uliyonifundisha, na bado naamini. Ila wale watu nilikuwa siwajui. Kama atauliza tena, atauliza.

Kinachoninyima usingizi usiku huu ni kitinda mimba wetu. Amenunua pikipiki kwa mkopo na anaendesha abiria hadi saa sita usiku, bila helmeti, mvua zimeanza, na ule mteremko wa kwenda Ipogolo unateleza vibaya. Mama hajaambiwa. Nimempigia mara nyingi tangu jioni, simu inaita tu. Anayefahamu duka hapa Iringa lenye helmeti imara, si zile za plastiki nyepesi, anielekeze, kesho asubuhi nikamnunulie.