Elfu kumi ya kuvushwa korongo

Mpaka Mvumi hakuna cha kusimulia. Tulitoka Dodoma asubuhi, mimi na pikipiki yangu Honda XL, rafiki yangu Mangi na lile Yamaha DT lake ambalo enzi hizo lilikuwa la bwana shamba wa mradi, tukala vumbi, tukasimama Mvumi kunywa chai na chapati (mia tano moja, ngumu balaa, ila njaa haina mahakama) tukasonga. Mpango ulikuwa tupite Handali, tukatokee Igandu kwenye reli, halafu tukate maporini mpaka Buigiri tukaikute lami ya Morogoro. Kwenye simu ilikuwa inaonekana njia nyembamba ya kijivu, Mangi akasema hiyo ni masaa matatu tu mwanangu, saa nane tupo mjini tunakula kuku.

Sasa mbele ya Handali kuna korongo. Wenyeji wa Dodoma hapo washaanza kucheka. Sisi wa Tukuyu tukisema mto tunamaanisha maji, yapo mwaka mzima, yana kelele, na yanakuzuia usiende shule. Huku kiangazi mto ni mchanga mtupu, upana wake kama uwanja wa mpira, na ng'ombe wanaoshuka kunywa wameukoroga wote kwa kwato, hakuna sehemu ngumu hata ya kuweka stendi.

Mangi akaingia wa kwanza na mbwembwe zote. Hakufika hata robo, tairi la nyuma likaanza kuchimba, akaongeza mafuta, likachimba zaidi, DT ikakaa kwenye ekseli ikazima. Nikaenda kumsaidia, tukainyanyua, akawasha, ikaenda hatua mbili ikazama tena. Saa sita hiyo, jua la utosi, jamaa amevaa helmeti, jaketi la ngozi na pedi za magoti alizonunua mtumbani Sabasaba elfu thelathini na akazisifia wiki nzima, jasho linamtoka mpaka kwenye buti. Mimi nilishavua kila kitu.

Ndo tukasikia Boxer inakuja. Dogo mmoja bodaboda, ndala miguuni, hana helmeti, tairi zake kipara kabisa, nyuma kapakia mama na mtoto, na nyuma ya mama kuna mbuzi kafungwa kwenye keria. Hakusimama hata kutuangalia. Akashuka na gia ya pili, miguu kaiachia pembeni, breki hagusi, Boxer inayumba mkia huku na huku na yeye anaiacha iyumbe tu, mbuzi analia, mara wako ng'ambo. Akashusha abiria, akarudi kwa miguu anacheka.

"Mbukwenyi!"

Mangi hakuitika hiyo salamu ya Kigogo, alikuwa bado anahema.

"Mabraza hapo mtalala. Nipeni elfu tano tano niwavushie."

"Elfu tano? Kwa hapa na pale?"

"Basi sukumeni, mi nina abiria."

Na kweli akageuka anaondoka. Nikamwita, dogo njoo, tukaanza kuvutana bei, nikasema elfu tano zote mbili, akasema pikipiki zenu kubwa hizi zina mafuta mengi, eti sababu hiyo, yaani sijui mafuta yangu yanamhusu nini. Mama wa mbuzi akauliza kutoka ng'ambo, "Hawa wanaenda msibani?" Dogo akamjibu hapana mama, wanatembea tu. "Wanatembea tu huku?" Mama aliuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, hakuwa anatukejeli, na hilo lilimuuma Mangi kuliko bei. Nikatoa elfu kumi.

Cha kwanza dogo alichuchumaa akafungua valvu akapunguza upepo tairi zote, karibu nusu. Tairi likiwa laini linatanuka, linakanyaga mchanga eneo kubwa, halizami haraka. Halafu akakaa nyuma kabisa ya siti ili tairi la mbele liwe jepesi, akaondoka na mwendo na hakupunguza mpaka ng'ambo. Kwetu ukiingia kwenye tope hivyo unazikwa, tope linataka upole, gia ya kwanza na mguu chini. Mchanga ukiuogopa ndo unakumeza. Pikipiki zote mbili, dakika tano hazikuisha. Elfu kumi.

Pembeni kidogo kulikuwa na akina mama wanachimba mchanga kwa kata, shimo limewafika kiunoni, na chini kabisa maji yanachuruzika taratibu, masafi. Mvua ikinyesha mto unapita siku chache tu, ila mchanga unabaki na maji yake chini na watu wanayafuata. Tukamsalimia bibi mmoja shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu, akatuchotea kibuyu kizima tukanywa, hela akakataa. Tukuyu tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Dodoma ni kama 570 hivi na karibu zote zinakuja kati ya Desemba na Aprili. Mama yangu anaacha bomba linatiririka uani huku anapiga stori na jirani. Nilimpigia jioni nikamwambia habari ya lile shimo, akasema pole zao, halafu nikasikia bado bomba linamwagika.

Tatizo upepo dogo alitoa lakini hakurudisha, na hakuna kati yetu aliyekuwa na pampu. Baada ya korongo njia ikageuka mawe, na tairi laini juu ya jiwe ni kwamba rimu inaibana tyubu inaitoboa mara mbili kwa mpigo, matundu mawili yamekaa jirani. Langu la nyuma likaondoka hivyo. Tukasukuma kwa zamu mpaka Igandu, sitaki kukumbuka.

Fundi wa Igandu alikuwa chini ya mti na pampu ya baiskeli na beseni. Akaizamisha tyubu, akaona mapovu yanatoka sehemu mbili, akafurahi waziwazi. Pancha mbili hizo, elfu tatu tatu. Nikasema ajali ni moja, akasema kiraka ni viwili. Wakati gundi inakauka akatuonyesha reli na kutusimulia ile ajali ya treni ya Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda ikarudi nyuma yenyewe mpaka ikagonga ya mizigo, watu zaidi ya 280 wakafa. Baada ya hapo nani ataendelea kulalamikia elfu tatu? Mangi akalipa.

Petroli tulinunua kwenye chupa ya maji, elfu nne lita ambayo naamini haikuwa lita. Buigiri tulifika giza linaingia na kuku hatukula, tulikula ugali wa uwele na mlenda, ambao ulikuwa mtamu kupita siku nzima.

Sasa Mangi anadai nimrudishie elfu sita kwa sababu tairi lilikuwa langu. Nikamuuliza na elfu kumi ya korongo je, nusu si ni ya DT lako? Anasema ile nilitoa mwenyewe bila kumshirikisha. Anataka mwezi ujao twende Farkwa kabla mvua hazijaanza, nimekubali, ila pampu anabeba yeye na zile pedi aziache nyumbani.