Usiku Ami Alipokifunza Kinanda Changu Chakacha

Ami alifika kwangu Kisauni saa mbili usiku, vijiti vyake vya dramu vi kwapani, ingawa nilishamwambia kwa simu kwamba havitahitajika. Alivua viatu mlangoni, akamjulia hali mke wangu, akauliza kama watoto wamelala, kisha akasimama mbele ya kinanda. Miaka mitatu alikuwa akikiona kwa nyuma, mgongo wangu ukiwa katikati. Usiku ule ndipo alipokitazama usoni.

"Haya," akasema. "Nionyeshe dramu zangu zimekaa wapi."

Ilikuwa Februari 2008. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na fujo zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini. Sisi wa ukanda wa hoteli, kuanzia Nyali hadi Shanzu, hatukuhitaji redio kujua hali ilivyo. Ndege nyingi za kukodi kutoka Ulaya zilikuwa zimekoma kushuka Mombasa. Januari na Februari ndio msimu wenyewe, kaskazi yavuma, maji ni safi, vyumba hujaa. Mwaka ule, Ijumaa moja, nilihesabu meza nne zenye watu katika ukumbi wa hoteli tuliyokuwa tukipiga, na waliokaa meza mojawapo walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakingoja kuambiwa waende likizo isiyo na mshahara.

Bendi ilikuwa ya watu sita: mwimbaji wetu dada mmoja, gitaa la solo, besi, mimi kwenye kinanda, kijana wa tumba, na Ami kwenye dramu. Meneja akatuita. Alizungumza kwa adabu, na sidhani yeye mwenyewe alikuwa akilala wiki zile. Alisema ataweza kulipa watatu, au asilipe yeyote. Kisha akanigeukia mimi. "Si kinanda chako kina ngoma ndani?"

Kilikuwa nazo. Kilikuwa Yamaha nilichokinunua mtumba kwa mwanamuziki aliyerudi kutoka Doha, na ndani yake mlikuwa na midundo zaidi ya mia: rumba, samba, walzi, disko. Sikujibu kitu. Nilihisi kama mtu aliyeleta nyoka ndani ya nyumba ya watu kwa mikono yake.

Tulikutana nyuma ya jikoni, karibu na mitungi ya gesi, kuamua nani abaki. Ami ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya walioianzisha ile bendi. Jina letu liliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ngozi ya dramu lake kubwa, na yeye ndiye aliyekuwa akipokea hundi na kutugawia. Angesema abaki, hakuna ambaye angembishia. Hakungoja hata tuketi. "Kinanda hakiimbi," akasema, "na solo hakijui kulitukana gitaa likalia. Dramu kinazo. N'tatoka mimi." Mpiga besi na kijana wa tumba wakatazama chini. Wao nao walijua. Mmoja alipata kazi ya usiku Mtwapa, mwingine akarudi Kwale.

Siku mbili baadaye Ami akanipigia simu. Alikuwa amewaza usiku kucha. Hicho kinanda, aliuliza, kina chakacha?

Hakikuwa nayo. Waliokiunda hawakuijua ngoma hii ya wanawake wa harusi za Pwani. Ukitafuta kilicho karibu utapata midundo ya sita kwa nane iliyokusudiwa nyimbo za Ulaya, na ukiiweka chini ya wimbo wa Pwani, wimbo unatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe.

"Basi n'takuja nikifunze," akasema. "Siwezi kulala Likoni hali najua watu wanacheza chakacha ya uongo chini ya jina langu."

Ndiyo maana alikuwa pale. Nikamwonyesha. Ukikiweka kinanda katika hali ya kuunda midundo, kila kibonyezo hugeuka kifaa cha dramu: C ya kushoto inatoa dramu la mguu, D inatoa snea, lile dramu dogo la kupigwa kwa vijiti, kile cheusi kilicho kando ya F kinatoa hai-hati, vile visahani viwili vya shaba, ikiwa imefungwa. Kinazunguka baa mbili bila kukoma, nawe unaongeza kimoja kimoja juu ya vilivyotangulia. Ami alijaribu kwa kidole cha shahada, akasikia sauti ya snea ikitoka kwenye spika, akavuta mkono. Akajaribu tena. Alikuwa na vidole vinene, vya mtu aliyeanza na ngoma za sengenya za Wadigo akiwa mtoto, akibebea wazee ngoma hadi siku walipomwachia moja. Viwili vilitua pamoja pale palipotakiwa kimoja. Saa nzima ilikwenda hivyo. Mke wangu alileta viazi vya karai na ukwaju, Ami akala kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiendelea kugonga ukingo wa meza.

Akaona afadhali aniimbie kwanza. Aliniambia niache kufikiria dramu. "Fikiria wanawake wa harusini. Yule wa ngoma ya vumi yuwapiga chini, mzito, hana haraka. Chapuo yajibu juu. Mguu wangu ni vumi, snea ni chapuo. Hai-hati ni mikufu kiunoni." Akasimama, akanionyesha kwa mwili, mzee wa miaka sitini na kitu katikati ya sebule yangu: kiuno chahesabu tatu, miguu yahesabu mbili, na zote mbili zafika pamoja mwisho wa duru. Nilikuwa nimepiga chakacha naye miaka tisa. Sikuwahi kuiona.

Kisha tukarekodi, na hapo ndipo tuligombana.

Kinanda kile kina amri ya kunyoosha. Ukipiga nje ya mstari, hata kidogo sana, chenyewe hukivuta kipigo kikakaa sawasawa na hesabu. Mimi huitumia daima. Ami alimaliza duru ya kwanza nzuri, nikabonyeza, tukasikiliza. Akakunja uso.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, Ami. Nimenyoosha tu."

"Umeninyoosha?"

Nikamweleza kwamba snea ilikuwa yachelewa. Akaniambia kwa sauti ya chini, na najua alikuwa amekasirika kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya chini, kwamba ile snea imechelewa tangu 1984, kwamba ilichelewa kwa makusudi, kwamba mchezaji anapoinua kisigino yuataka kungojwa kidogo kabla hajakishusha, na kwamba nikiondoa kule kungoja nimeondoa mchezaji. "Toa mkono wako hapo."

Nikafuta. Tukaanza upya bila kunyoosha, na kila kosa likawa kosa kweli, la kurudiwa. Tulipofika duru ya tisa au ya kumi ikakaa. Niliisikia ikizunguka na nywele zikanisimama: alikuwa Ami, bila Ami. Nikanyoosha mkono nichukue disketi niihifadhi, na stima ikapotea.

Mtaa mzima ukawa giza. Jirani zetu wakapiga kelele kama kawaida. Mimi sikuweza kusema. Kinanda hakikuwa na betri, na kilichokuwa hakijahifadhiwa kilikuwa kimekwenda.

Ami alicheka kwanza. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, mke wangu akaleta taa ya kandili, na tukangoja. Joto la kaskazi lilikuwa limetulia ndani ya nyumba. Tulifungua mlango, na katika kungoja kule ndiko alikonihesabia bendi yote, mtu mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye jukwaa wala kwenye gari.

Alianza na Them Mushrooms, kwa maana kila bendi ya hoteli Pwani huanza hapo. Aliwaona akiwa kijana, miaka ile ya sabini, Teddy Kalanda Harrison na nduguze, kabla "Jambo Bwana" haijatoka 1982 na kundi la Boney M. la Ulaya halijaichukua mwaka uliofuata. Alisema kilichomshika si nyimbo bali jinsi walivyotazamana. "Wale tumbo moja. Akikasirika mmoja akatoka, sikukuu yuwarudi kwa mama, watamkuta pale. Sisi akitoka mtu, hana pa kutukutia." Mushrooms walipohamia Nairobi 1987 hoteli nyingi zilitafuta wa kujaza usiku wao, na bendi yetu, ya watu watano waliokutana kazini bandarini, ikapata mkataba wake wa kwanza wa mwaka mzima.

Mwaka huohuo mpiga solo wa kwanza naye akafuata studio za Nairobi. Aliacha utangulizi wa wimbo mmoja, noti saba, ambao kila mpiga solo aliyekuja baada yake amefundishwa na Ami kwa mdomo. Besi wa kwanza alikwenda Dubai kwa mkataba wa miezi sita, na sasa ana wajukuu huko. Mpuliza saksafoni alitoka wakati muziki wa bango wa Mzee Ngala wa Freretown ulipokuwa umeshika harusi za Pwani. Aliona afadhali apulize mbele ya watu wanaoijua lugha ya saksafoni kuliko mbele ya watu wanaokula. Mwimbaji wa pili aliolewa Ujerumani. Mwimbaji wa tatu aliokoka. Wawili walikufa, na kwa hao wawili Ami alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Mmoja aliondoka na kipaza sauti cha bendi, na huyo hakumtaja kwa jina, ila alisema alikuwa na sauti nzuri kuliko wote.

Aliwahesabu kwa kugonga kijiti kwenye mkeka, kipigo kwa mtu. Mimi nilikuwa wa ishirini na sita.

Nikamuuliza kuhusu shati. Nilipoingia 1999 nilipewa shati la kitenge la mpiga kinanda aliyenitangulia, na ndani ya ukosi mlikuwa na herufi mbili zilizotiwa kwa uzi mwekundu ambazo hazikuwa zake wala zangu. Ami akasema zilikuwa za mpuliza saksafoni. Shati lilikuwa limepita watu wanne. Mke wa yule mtu ndiye aliyezitia, ili lisichanganyike na ya wengine dobini. Nilikuwa nimelivaa miaka tisa nikidhani ni alama ya fundi.

Stima ilirudi saa saba na dakika kadhaa. Feni ikaanza kuzunguka, na Ami alikuwa amesimama kabla taa haijatulia.

Sasa hakukosea. Nadhani vidole vilikuwa vimeshaelewa, au pengine kule kuwahesabu wenzake kulikuwa kumemweka mahali pake. Mguu, hai-hati, snea yake iliyochelewa. Nikahifadhi baada ya kila tabaka. Akaongeza mapigo ya kuvukia kutoka ubeti kwenda kiitikio, matatu tofauti, kwa sababu alisema dramu inayovuka kwa njia ileile kila mara ni mtu asiyesikiliza. Mwisho akauliza ule mwendo unaandikwaje. Nikamwonyesha namba kwenye kioo: 104. Akaitazama kwa muda. Miaka ishirini na nne alikuwa akiipiga, hajawahi kujua kwamba ina namba. Nikaandika juu ya disketi kwa kalamu ya wino, CHAKACHA – AMI. Alfajiri, baada ya swala, alikunywa chai na mahamri mawili, akaenda kupanda matatu ya kuelekea kivukoni.

Ijumaa tulipanda jukwaani watatu. Ami alikuwa ameifungua ile ngozi yenye jina, akaipeleka hotelini na kuiacha kwa bawabu bila kuingia, na tuliitundika ukutani nyuma yangu. Mahali pa dramu palikuwa sakafu tupu, yenye alama nne za miguu ya viti na vyuma. Wageni walikuwa kumi na wawili. Nilipoianzisha chakacha dada yetu mwimbaji aligeuka ghafla kutazama nyuma, kisha akanitazama mimi, na akaimba kwa macho yaliyojaa maji. Mgeni mmoja mama mtu mzima aliinuka akacheza peke yake.

Kwa wimbo wa pili nilikuwa na woga. Ukumbi ulikuwa kimya, na kimya humfanya mtu apandishe mwendo. Niliupeleka 110. Tulikuwa katikati ya ubeti simu yangu iliyokuwa juu ya kinanda ikawaka.

"Umeikimbiza. Ni 104, mwanangu."

Nikatazama upande wa bahari. Nyuma ya ukuta mfupi wa hoteli, pale kwenye mchanga ambapo kila mtu anaruhusiwa kusimama, palikuwa na mwanga mdogo wa simu, na kando yake mkono uliokuwa ukigonga juu ya ukuta.

Nikairudisha.